Wanga wa muhogo: Uzito wa uji waamua ukubwa wa chembe za dawa

MKULIMA wa Unguja anayeshusha muhogo mbichi sokoni Mwanakwerekwe hana muda wa kubishana bei. Siku mbili au tatu tangu kung'olewa, muhogo huanza kuharibika. Wanga wake ukikaushwa vizuri hukaa miezi mingi, na miongoni mwa wanaouhitaji duniani ni viwanda vya dawa.

Kiwandani, wanga hupikwa uji ukawa gundi. Unga mkavu wa dawa ni laini mno, hautiririki sawasawa kwenye mashine ya vidonge. Hivyo humwagiwa uji huo, hukorogwa hadi ushikane kuwa chembechembe, hukaushwa, huchekechwa, ndipo hukandamizwa kuwa vidonge.

Ukubwa wa chembe hutegemea gundi. Uji mwepesi huenea upesi lakini hushika kidogo. Chembe huwa ndogo na hupukutika. Uji mzito hushika kwa nguvu na kutoa chembe kubwa, ngumu. Ukizidi uzito hauenei, huacha mabonge huku na unga mkavu kule. Kiasi nacho kina nafasi yake: uji mwingi hugeuza unga kuwa tope, na matone makubwa huzaa chembe kubwa.

Hapo ndipo afya ya mgonjwa inapohusika. Mashine ya vidonge hupima kwa ujazo, si kwa mizani. Chembe zisipolingana, kidonge kimoja huwa kizito na kingine chepesi, na dozi hupungua au kuzidi. Chembe ngumu mno nazo huchelewa kusambaratika tumboni.

Kwa hiyo mnunuzi hatazami weupe wa wanga peke yake. Anataka kipimo kilekile cha wanga na maji kitoe uji uleule, leo na mwezi ujao. Wanga uliochachuka au wenye unyevu hutoa uji mwepesi zaidi, na hesabu ya kiwanda huharibika.

Kazi huanzia shambani. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia huozesha mizizi, hivyo panda mbegu zinazoustahimili. Mwaka 2007 zilitolewa Zanzibar mbegu nne: Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui. Usichanganye mbegu wala umri wa muhogo katika fungu moja. Menya, kuna na chuja kwa maji safi siku ileile ya kuvuna, kisha anika juu ya kichanja, mbali na mchanga na vumbi.

Kabla ya kufunga gunia, pika uji kidogo kwa kipimo kimoja kila mara, uulinganishe na wa fungu lililopita. Ukitofautiana, tenga fungu hilo. Wapika halwa na madobi huenda wakalinunua. Kiwanda cha dawa hakitalipokea, na kikikurudishia mzigo mara moja, si rahisi kikuagize tena.