"Nenda Kasome!" Sentensi Inayoua Hamu ya Mtoto Kusoma

"Mama, leo nimekosa nini tena?"

Hilo ndilo swali aliloniuliza binti yangu siku nilipomshikisha kitabu. Hakuwa amevunja kitu wala kumpiga mdogo wake. Nilikuwa nimetoka kazini, foleni ya Mwenge imenimaliza, nikamkuta amekodolea macho katuni. Nikazima tivii na kumwambia maneno yaleyale niliyoambiwa mimi utotoni kila nilipoleta fujo ndani ya nyumba: "Nenda kasome!" Ana miaka saba. Kwake yeye, kushikishwa kitabu na kupigishwa magoti ni mambo ya ukoo mmoja.

Nilikaa chini kwanza. Mimi ninayekula kwa kuandika na kuhariri, nimemfundisha mtoto wangu wa kumzaa kwamba kusoma ni adhabu!

Msomaji, kabla hujanicheka, hebu zungusha macho sebuleni kwako. Tivii ya inchi ngapi? Simu ngapi zinachajiwa? Haya, sasa hesabu vitabu. Toa Biblia au Msahafu, toa vitabu vya kiada vya shule, toa na kile kijitabu kilichokuja na friji. Vimebaki vingapi? Kwetu vilibaki vinne, vyote vya kwangu, na kimoja kinahusu kupunguza tumbo. Cha mtoto hakuna hata kimoja. Viatu vya mtoto, jozi tisa.

Kasuku wa mjini

Kiswahili chetu kina neema moja kubwa: kinasomeka kama kinavyotamkwa. Mtoto akishazishika ba, be, bi, bo, bu, akazoea na zile zenye vishindo kama mba, nya na ng'o, anaweza kutamka karibu chochote utakachomwekea mbele. Ndiyo maana mtoto wa darasa la pili anaweza kukusomea gazeti zima mbele ya wageni, na wajomba wakatoa noti mfukoni.

Lakini mwulize "mkandarasi" ni nani. Mwulize "hawakutuarifu" maana yake nini. Kimya! Neno moja la Kiswahili hubeba sentensi nzima: nani, lini, kafanya nini, kamfanyia nani. Mdomo unaweza kulipita lote wakati akili bado iko kwenye silabi ya pili. Tangu mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili umejikita kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na ni jambo jema. Ila ile K ya kwanza sisi wazazi tunaipima kwa kasi ya mdomo tu.

Binti yangu yuko shule ya inglishi midiamu, na kila ripoti inasema anasoma vizuri sana. Jioni moja nikamwomba anisomee ukurasa mmoja wa Kiingereza. Akateremka nao bila breki. Nikamuuliza, "Kwa hiyo yule kaka alikuwa analia kwa nini?" Akanitazama. "Kwani kuna mtu alilia?"

Hapo ndipo mimi na baba yake tulipokorofishana.

"Tumnunulie vya Kiswahili," nikasema.

"Mama watoto, ada tunayolipa ile halafu mtoto aje asome habari za Sungura na Fisi? Kiswahili atakipata mtaani."

"Atapata cha mtaani. Cha kitabu je?"

Tukarushiana maneno mpaka nikamkumbusha mkopo wa gari, ambao haukuwa na uhusiano wowote na vitabu. Usiku huo kila mtu aligeukia ukuta wake. Wapenzi wasomaji, watu wanadhani ndoa zinatikiswa na nyumba ndogo na pesa tu. Lugha ya mtoto nayo imo.

Nimetulia sasa, naweza kusema vizuri nilichotaka kusema usiku ule. Wataalamu wa lugha wamelieleza hili kwa miaka mingi: mtoto anayejifunza kuelewa hadithi kwa lugha anayoiota usiku, kubashiri kitakachofuata, kuunganisha chanzo na tokeo, huo uwezo anauhamishia kwenye lugha ya pili. Kinachobaki ni kujifunza maneno mapya. Asiyeelewa kwa lugha yoyote, huyo ndiye anayekuwa kasuku mwenye yunifomu nzuri.

Umeme ulipokatika

Hatukupatanishwa na hoja zangu, tulipatanishwa na giza. Umeme ulikatika, simu zikiwa zimeisha chaji, watoto wakaanza kulia njaa ya katuni. Mume wangu amekulia Tanga kwa bibi yake. Ghafla nikamsikia kutoka kwenye kochi: "Paukwa!" Watoto wakaduwaa, hawakujua hata kuitikia. Ilibidi dada wetu wa kazi aitikie kutoka jikoni: "Pakawa!"

Aliwasimulia karibu saa nzima. Fisi alikuwa na sauti ya bosi wake wa ofisini (nilimtambua). Umeme uliporudi, mdogo akasema, "Zimeni taa, baba amalizie."

Kesho yake baba huyohuyo aliyekataa Sungura na Fisi akarudi na vitabu viwili kwenye mfuko wa laptopu. Sikusema kitu. Wanawake wenzangu, siku kama hiyo usiseme kitu.

Kama nyie ni wapenzi wapya, au mimba ndiyo kwanza ina miezi sita, msifikiri haya hayajawafikia. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2014 kuwa wazazi wamsomee mtoto kwa sauti tangu uchanga. Kichanga hafuati kisa, anafuata sauti yako, na humo ndimo anamochota maneno. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa ushauri mwaka 2019: mtoto asiyefikisha miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Najua unachowaza. Hata mimi nilimpa wa pili simu akiwa na miezi minane ili nioge kwa amani. Simhukumu mtu hapa.

Na baba asijitoe kwa kisingizio kwamba "mama ndiye mwalimu". Mtoto wa kiume ambaye hajawahi kumwona mwanaume ameshika kitabu ataamini kusoma ni mambo ya kike, kama kusuka nywele. Dakika kumi kabla ya kulala zinatosha. Ukisinzia katikati, sinzia, watakuamsha.

Kipi ununue?

Kwanza epuka kosa langu la mwanzo. Niliingia dukani nikachukua kitabu kinene chenye jalada la kung'aa, nikijisemea "atakikulia". Hakukikulia. Alikikalia, alipokuwa anafikia swichi.

Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili unataka kurasa ngumu, maana atazitafuna. Za Kiswahili ni adimu madukani, kwa hiyo tengeneza mwenyewe. Kata boksi la sabuni, bandika picha ya bibi, ya kuku, ya daladala, ya sufuria, pitisha gundi ya karatasi, toboa matundu na ufunge kwa kamba. Chetu kimedumu kuliko vyote tulivyonunua, na ukurasa wa babu umelambwa mpaka sura imefutika.

Wa miaka mitatu hadi mitano anahitaji picha kubwa, maneno machache, na kipande kinachojirudia ili adakie kabla hujakisema. Tazama picha hizo kwa makini. Je, kuna nyumba, miti na watu anaowafahamu, au kila ukurasa ni theluji? Theluji si dhambi, na kitabu kinapaswa pia kumpeleka asikokujua. Ila mtoto asikae mpaka darasa la tatu akiamini watu wa vitabuni wote wanakula tofaa na kuvaa makoti. Ukikutana na kazi za John Kilaka, mchoraji wetu wa Tingatinga ambaye vitabu vyake vya picha vimetoka mpaka kwa Kijerumani na Kiingereza, simama uviangalie. Wanyama wake wanavaa mashati na kupanda baiskeli kama majirani zako.

Kwa anayeanza kusoma mwenyewe kuna kipimo rahisi cha vidole vitano. Fungua ukurasa wa katikati, asome, akikutana na neno asilolielewa akunje kidole. Ngumi ikifumba kabla ukurasa haujaisha, hicho kisomeni pamoja au kingoje. Akibakiza vidole vitatu au vinne, mwachie. Kwa Kiswahili sisitiza asiloelewa, si asiloweza kutamka, maana tumeshaona kutamka anatamka yote.

Na wewe fanya kipimo chako: soma ukurasa mmoja kwa sauti palepale dukani. Usione aibu. Kama ulimi wako mtu mzima unajikwaa, kitabu hicho kimetafsiriwa na mtu mwenye haraka. Kiswahili kibovu kwenye kitabu cha mtoto ni kama mchele wenye mawe.

Angalia pia nani anafanya nini humo ndani. Ukiona hadithi tano mfululizo ambamo Juma anarusha ndege na dada yake anateka maji, rudisha moja. Na vile vitabu ambavyo kila ukurasa una funzo! Mtoto mwongo analiwa na mamba, mvivu anaangukiwa na embe. Mimi siviwezi. Abunuwasi ni tapeli wa kutupwa na Sungura ni mwizi anayejulikana, lakini watoto wamewapenda vizazi na vizazi, na sijasikia aliyekuwa jambazi kwa sababu yao. Mazimwi je? Mjue mtoto wako. Wa kwanza wangu anayadai, wa pili akiyasikia anahamia kitandani kwetu, na hapo suala linakuwa la ndoa tena.

Na mwache achague. Akitaka kilekile cha jana kwa mara ya ishirini, msomee.

"Vitabu ghali"

Vingine ni ghali kweli, lakini hadithi fupi nyingi za watoto hazifikii bei ya chipsi kuku ya Ijumaa. Tunavyo kwa sababu kuna watu walihangaika. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulipoanza mwaka 1991, wachapishaji waliogopa kuchapa hadithi ambazo huenda zisinunuliwe, ukawa unanunua sehemu ya nakala na kuzipeleka shule za msingi. Mwaka huohuo ilianzishwa Mkuki na Nyota. E & D Vision nao wamo kwenye kazi hii. Waulize wauza vitabu kwa majina hayo.

Huna hela kabisa? Maktaba Kuu ya Taifa, ile ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ina sehemu ya watoto, na mikoani ziko maktaba za mkoa. Mradi wa African Storybook unatoa hadithi za picha bure mtandaoni, za Kiswahili zikiwemo. Unapakua, unachapa stesheneri, unabana pini pembeni, kitabu hicho. Marafiki zangu wawili wa Tabata wanabadilishana vya watoto wao kila mwisho wa mwezi, na hakuna aliyetoa shilingi.

Kwetu sasa vitabu vinakaa kwenye kikapu cha chini sebuleni, mtoto anapofika bila kuomba. Vimechanika, kimoja kina mchuzi. Neno "nenda kasome" tumelifuta, tunasema "njoo tusome". Kuna siku bado tivii inashinda, tena kwa mabao mengi.

Jambo ambalo sikulitegemea limetokea jikoni. Dada wetu aliishia darasa la saba na hakuwa ameshika kitabu tangu siku ya mtihani. Wiki iliyopita nilimkuta anasukuma chapati huku binti yangu amekaa juu ya ndoo, anamsomea Abunuwasi. Kila akifika kwenye neno gumu dada anamuuliza, "Hapo maana yake nini?" Na yule mtoto, ambaye zamani angepita tu, anasimama, anafikiri.

Jana usiku dada alinigongea mlango. "Mama, samahani. Kile cha Abunuwasi mmekimaliza? Nataka kwenda nacho chumbani."

Nilikuwa nimekishika mimi. Nikamwambia anipe mpaka kesho.