Kabla Ulipe Msee Akuongezee Spidi kwa Ile Desktopu ya Ex-UK, Soma Hii

Kama uko Matasia na una desktopu, kuna chansi kubwa ni ile nyeusi ya ofisi: HP Compaq Elite 8300 ama Dell OptiPlex 7010. Ulinunua tao, ukaingia nayo mathree ya 111 hadi Ngong ukiwa umeipakata kama mtoto, halafu nduthi ikakumalizia safari. Inadunda poa. Shida ni GTA V inakwama-kwama, ama video ya mteja inatoka usiku wa manane. Sasa kuna boy wa mtaa anakushow, "Leta thao mbili nikuovaklokie hiyo prosesa."

Buda, shika hiyo doo kwanza.

Prosesa inapata spidi yake hivi: kuna mdundo wa msingi, 100 MHz, halafu kuna kizidishio. i5-3470, ambayo iko kwa mashine nyingi za aina hii, kizidishio chake cha kawaida ni 32, ndio unapata 3.2 GHz. Kuovakloki ni kupandisha hiyo namba. Lakini Intel walifunga hiyo mlango kwa prosesa nyingi. Ukitaka uhuru kamili unahitaji yenye herufi K mwishoni, kama i5-3570K, na madabodi ya chipseti ya Z. Hizo HP na Dell ziko na Q77, ya ofisi. Ingia BIOS utafute pahali pa kubadilisha kizidishio. Hakuna. Kwa hivyo huyo boy atakuwekea programu fulani yenye rangi mingi, akule thao mbili zako, na spidi ibaki ile ile.

Na hata ingewezekana, pawa saplai ya hizo ndogo ni ya wati 240. Ukiongeza volteji kwa asilimia 10 tu, moto ya prosesa inapanda karibu asilimia 21, na hapo hujagusa spidi bado. Kafeni ka ofisi hakawezani.

Kile kinakurudisha nyuma mara nyingi ni vumbi. Wewe unajua vumbi ya huku kiangazi, nduthi ikipita mbele ya ploti unaifunga dirisha na bado inaingia. Ikijaa kwa feni, prosesa inafika karibu digrii 100 na inajipunguza spidi yenyewe ndio isiungue. Weka Core Temp ama HWMonitor, fungua gemu, cheki namba. Ikiwa iko juu ya 90, zima, chomoa waya, pangusa feni na brashi laini, toa ile pesti imekauka juu ya prosesa, weka mpya kidogo, kama punje ya dengu. Halafu cheki RAM. Kama uko na kipande kimoja cha 8GB, vipande viwili vya 4GB vitakusaidia zaidi kwa gemu, juu grafiki ya ndani inakopa RAM, na vipande viwili vinafungua njia mbili. Diski ya zamani nayo badilisha na SSD. Hiyo utaisikia siku ya kwanza.

Sasa mashine ikikataa kuwaka. Mimi hapa nimelia. Kuna fundi aliniambia madabodi imekufa, nikalipa pesa ya rent nibadilishiwe. Kumbe ni RAM ilikuwa chafu. Ningejua kuhesabu bipu ningejiokolea mwezi mzima, na kazi za mtandaoni singezipoteza.

Kwa HP 8300, taa ya pawa inawaka nyekundu na mashine inalia. Mara mbili ni prosesa imepata joto. Nne ni umeme. Tano ni RAM: itoe, sugua zile meno za dhahabu na raba ya penseli, pangusa, irudishe hadi isikike "ka". Sita ni grafiki. Ikiwa haisemi kitu kabisa na stima ilipotea ikarudi kwa nguvu, jaribu pawa saplai nyingine kabla mtu akuuzie madabodi. Usifungue hiyo pawa saplai yenyewe, kapasita zake zinashika chaji hata ukiwa umechomoa waya. Na saa ikirudi nyuma miaka kila ukiwasha, ni betri ya CR2032 tu.

Wewe uko na mashine ya kujijengea? Sawa, Ryzen nyingi ziko wazi, mradi madabodi ni B ama X. A320 na A520 haziruhusu. Panda 100 MHz kwa wakati, jaribu nusu saa, angalia joto, volteji iache mwisho. Wenye i7 na i9 za Intel za 13 na 14, sasisheni BIOS kwanza kabla ya kitu kingine chochote: 2024 Intel walikubali kuna hizo zilikuwa zinaitisha volteji kupita kiasi na kuharibika, wakaongeza waranti miaka miwili.

Ukipanda sana na skrini ikabaki nyeusi, usishtuke. Chomoa waya, toa betri ya CR2032, ngoja dakika kama tano, rudisha. BIOS inarudi ilivyotoka kiwandani na wewe unaanza tena, hatua moja chini ya pale ilikukataa.