Je, Wajua? Gramu 100 Mguuni

Kila gramu 100 zinazoongezwa kwenye kila kiatu humfanya mkimbiaji atumie nguvu zaidi kwa takriban asilimia 1. Ndiyo maana masika huwatesa wanaojifua kwenye barabara za udongo za Karagwe na Kyerwa: tope likigandia soli, kiatu chepesi huwa kizito kama jembe la palizi.

Ukichagua raba za mtumba, achana na rangi. Kunja kiatu: kipinde penye vidole, si katikati. Mbele bakiza nafasi ya kidole gumba, la sivyo mteremko wa kilima utakung'oa kucha.

Na pekupeku? Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma, 1960, bila viatu. Tokyo, 1964, alishinda tena, safari hii kavaa.