Bunduki ya Upepo na Hesabu Yake

Mpwa wangu mmoja, aliyerithi ekari mbili za wimbi na mahindi juu kidogo ya mto Lwakhakha, mahali ambapo mtu akisimama chini ya mgomba wake huyaona mabati ya Uganda yakimeta ng'ambo, alinijia jioni moja na simu mkononi na swali kinywani. "Khocha," yaani mjomba, akaniambia, "fedha zangu si nyingi. Katika bunduki hizi za upepo, ipi rahisi inayofaa kuwindia sungura na kwale?" Kwenye kioo cha simu mlikuwa na picha za bunduki kumi au zaidi, zote nyeusi, zote zimesifiwa kama bibi arusi, na kila moja ikidai kuwa ndiyo iendayo kasi kuliko wenzake. Swali lilikuwa la adabu, likastahili jawabu la adabu. Nalo jawabu lilinichukua jioni tatu, na kwa kuwa nadhani wako vijana wengine, kutoka Kitale hata Bungoma, wenye swali lilo hilo, naliandika hapa kama nilivyolisema, ila nimeyaondoa matani yaruhusiwayo baina ya mjomba na mpwa.

Nilianza na neno lenyewe. Bunduki tumelipata kwa Waarabu, na kwao bunduq ni kokwa ndogo ya mviringo iliwayo, kisha likawa jina la kitonge kigumu cha udongo ambacho watu wa zama za Makhalifa wa Bani Abbas walikirusha kwa upinde maalumu kuwindia ndege. Sultani Baibars wa Misri, aliyetawala kuanzia 1260 hata 1277, aliitwa al-Bunduqdari kwa nisba ya bwana wake wa kwanza, ambaye kazi yake ilikuwa kuuchukua upinde huo mbele ya mtawala. Risasi nayo, kwa Waarabu na kwetu pia, ni jina la madini yale mazito ya kijivu kabla ya kuwa jina la kitu kiuacho. Alhasili, jina hili lilianza safari yake katika kuwapiga ndege wadogo, bila moshi na bila mshindo, na bunduki ya upepo ya mpwa wangu iko karibu zaidi na asili ya jina kuliko mizinga yote ya baruti iliyokuja baadaye. Wala asidhani mtu kuwa ni kichezeo cha watoto, kwa maana yapata mwaka 1780 fundi mmoja wa Tirol, Bartholomäus Girandoni, aliliundia jeshi la Austria bunduki ya upepo yenye kuchukua risasi zipatazo 20 kwa mara moja, kitako chake kikiwa ndicho chupa ya kuhifadhia upepo; na Lewis na Clark, walipokuwa wakiivuka Marekani kati ya 1804 na 1806, walichukua bunduki ya upepo, wakawa wakiipiga mbele ya wenyeji ili kuwastaajabisha.

Zile aziuzazo mfanyabiashara wa leo ni za namna tatu, nazo hutofautiana kwa mahali upepo unapopatia nguvu zake. Ya kwanza ni ya kamani: mwindaji huuvunja mtutu chini kama anayevunja muwa, kamani iliyo ndani hukazwa, na kifyatulio kikivutwa pistoni huruka mbele na kuusukuma upepo nyuma ya risasi. Ya pili hujazwa upepo kabla, aghalabu kwa mgandamizo wa baa 200 au zaidi, karibu mara mia ya ule wa tairi la gari. Hii haitikisiki, nayo hulenga vizuri ajabu, lakini haiji peke yake, maana hutaka bomba lake la kujazia au mtungi kama wa wapiga mbizi, na vitu hivyo huweza kuikaribia bei ya bunduki yenyewe. Ya tatu hutumia vichupa vidogo vya hewa ya kaboni, gramu 12 kila kimoja, ambavyo hupoteza nguvu kunapokuwa na baridi, na asubuhi za miteremko ya Elgon si za Mombasa. Kwa mtu mwenye fedha kidogo, basi, hapana shauri refu: ni ile ya kamani, isiyodai kitu kingine ila mkono wenye nguvu na chembe za risasi. Ubaya wake ni mmoja. Pistoni ikiruka, bunduki yote hurukaruka mikononi, kwanza nyuma kisha mbele, kabla risasi haijautoka mtutu, hata mtu aliyezoea kukamata kwa nguvu hukosa kila siku na kuilaumu bunduki; aishikaye kama ashikavyo kifaranga, bila kuibana, ndiye apataye.

Hapa mpwa wangu aliniuliza juu ya kasi, maana kasi ndiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa katika tangazo. Nikamwambia kwamba kasi ndiyo sifa ya kwanza ya mwenye duka na ya mwisho ya mwindaji. Nguvu ya risasi hupatikana kwa kuchukua nusu ya uzito wake na kuizidisha kwa kasi mara mbili, kasi kwa kasi: chembe ya gramu 1, yenye upana wa milimita 5.5, ikienda mita 180 kwa sekunde, huwa na nguvu ya jouli zipatazo 16. Na chembe ndogo ya milimita 4.5, yenye zaidi kidogo ya nusu gramu, hutaka kwenda mita 240 ili ifikie hapo hapo. Muuzaji huipima bunduki yake kwa chembe nyepesi kabisa ili hesabu ya kasi ipande, ilhali chembe hiyo ikiukaribia mwendo wa sauti, mita 340 na kitu kwa sekunde, huanza kuyumba njiani na kufika isikotumwa. Kwa nyama, rai yangu ni ile ya 5.5, kwa kuwa huingia pana na kumaliza haraka. Ile ya 4.5 huenda kwa mstari ulionyooka zaidi, nayo ndiyo itumiwayo katika michezo ya Olimpiki, ambako shabaha ya bunduki ya upepo kwa mita 10 imo tangu 1984, na ambako shabaha ni kitu kisichopata maumivu.

Jouli 16 hizo nimezitaja kwa makusudi, maana huko Uingereza ndizo mpaka wa sheria: bunduki ya upepo isiyovuka jouli 16 na kidogo huko haidaiwi cheti cha silaha, tofauti na Scotland, ambako tangu mwisho wa mwaka 2016 hata hiyo hudaiwa. Kwa nguvu hizo mwindaji mwenye dhamiri hampigi sungura aliye mbali kuliko mita 30, naye humlenga kichwa. Kabla hajamwelekezea kiumbe mwenye roho huweka karatasi mbele yake, akapiga risasi tano, na kama hazikuingia zote katika duara la ukubwa wa sarafu ya shilingi 20, husogea karibu mpaka ziingie, na hapo zilipoingia ndipo penye mwisho wa haki yake ya kuwinda. Kanuni hii ni kali, nami siioni sababu ya kuilegeza, maana sungura aliyevunjwa mguu hutambaa vichakani siku mbili, na aliyempiga hulala kwake akidai amekosa. Fauka ya hayo, risasi ni sumu, na vipande vyake hubaki katika nyama. Mpishi sharti akate kwa wingi pale ilipopita, na watoto wasipewe sehemu hiyo.

Mpwa wangu alifurahi, akidhani shauri limekwisha: kamani, 5.5, mita 30, darubini baadaye fedha zikipatikana. Jioni ya pili nikamwambia kwamba yote niliyosema yalikuwa jawabu kwa mtu wa nchi nyingine.

Katika Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikakatazwa biashara ya nyara za wanyama. Ndege wa kuwinda, ambao walikuwa wameachiwa mlango mdogo, nao mlango wao ukafungwa mwaka 2003. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 haikumsamehe hata awindaye kwa ajili ya sufuria yake: ilipotungwa ilimwekea faini isiyopungua shilingi 30,000 au kifungo kisichopungua miezi 6, na mwenye kuiuza nyama hiyo akawekewa mzigo mzito zaidi. Ama silaha yenyewe, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, huieleza kuwa ni chombo chenye mtutu, cha namna yoyote, kiwezacho kuua na kutoa risasi au kitu kingine kirushwacho. Nayo, msomaji aangalie vizuri, haikusema neno juu ya baruti. Chombo chenye nguvu ya kumlaza sungura kwa mita 30 kitajiteteaje mbele ya hakimu kwamba hakina uwezo wa kumdhuru mtu? Anayekitaka na ajue kwanza njia ya kwenda kwa Bodi ya Leseni za Silaha, na haja atakayoieleza huko haiwezi kuwa uwindaji, kwa kuwa hakuna Bodi itoayo cheti kwa ajili ya kosa.

"Na ng'ambo, Khocha?" akaniuliza, akiuonyesha mto kwa kidevu. Ni kweli kwamba Uganda, tofauti na sisi, imeruhusu uwindaji wa michezo katika mahali maalumu, ikianzia kandokando ya Ziwa Mburo mwaka 2001. Lakini huo ni uwindaji wa wageni wenye dola, wenye kufuatana na waongozaji na karatasi, si wa mtu avukaye daraja na mfuko wa gunia begani. Na kuivusha silaha mpakani bila kibali ni kosa linalosimama peke yake, hata kama haijawahi kumpiga panya.

Kisha kuna jambo ambalo halikuandikwa katika sheria, lakini kila mzee wa upande huu analijua. Mwaka 1895, Hobley, mtawala wa Kiingereza, alipokuja na majeshi yake kuivunja ngome ya Lumboka na kisha ya Chetambe, miongoni mwa visa vilivyoileta vita hiyo ni bunduki za serikali zilizokuwa mikononi mwa Wabukusu, ambazo wakubwa walizitaka zirudi. Na mwezi wa Machi 2008, baada ya kundi la vijana wenye silaha kuutesa mlima kwa takriban miaka miwili, jeshi lilipanda Elgon kwa operesheni iliyoitwa Okoa Maisha, na wanaume wengi wa vijiji vya mlimani wakakusanywa na kuhojiwa, wenye hatia na wasio nayo. Katika nchi yenye kumbukumbu hizo, kijana aonekanaye alfajiri, shambani, akiwa na kitu cheusi chenye mtutu mrefu, hatapewa nafasi ya kueleza habari za kamani na pistoni.

Sisemi kwamba marufuku ile imefanya kazi yake. Watafiti waliozipitia hesabu zilizofanywa kwa eropleni juu ya nyika zetu wamekuta kwamba wanyama wakubwa wa porini walipungua kwa wastani wa asilimia 68 kati ya 1977 na 2016, yaani katika miaka ile ile ambayo mwindaji halali wa wanyama hao hakuwapo. Na Tanzania, ambako mtu hukata leseni na kuwinda, bado ina nyika zenye wanyama wengi. Ubishi huo ni wa haki, na wapo wenye elimu kwa pande zote mbili. Lakini ni ubishi wa Bunge, nao hauwezi kumtoa mtu katika kituo cha polisi cha Sirisia.

Jioni ya tatu tuliongea juu ya isindu. Ndiye tombo kwa Kiswahili cha pwani, ambaye gazeti na soko la Kenya humwita kware; na nilipokuwa mtoto wazee wetu walimnasa bila hata chembe ya risasi. Walisimamisha mti mrefu, wakatundika juu yake vikapu vilivyosukwa, kila kikapu na dume lake ndani, nao madume usiku kucha wakaita. Chini, katika nyasi, vilitandazwa vitanzi, na asubuhi mlikuwamo wageni walioitikia. Uwindaji gani ulio rahisi kuliko huo, ambao mwindaji amelala? Leo nao hauruhusiwi bila kibali cha Shirika la Huduma za Wanyamapori. Ila ufugaji wenye leseni umeruhusiwa, na msomaji atakumbuka wazimu ulioishika nchi kati ya 2013 na 2014, wakati yai moja dogo la kware, lililosifiwa kuwa dawa ya maradhi yote, lilipouzwa hata kwa shilingi 100, na kila mwenye kibanda akajaza ndege. Mimi nilikuwamo. Nilikata leseni, nikanunua ndege mia mbili, nikajenga vibanda vya waya. Na bei ilipoanguka, kama iangukavyo kila bei isiyokuwa na sababu, tulikula kware nyumbani kwangu miezi minne mfululizo, mpaka watoto wakaomba mboga. Vibanda bado viko. Nimempa mpwa wangu viwili, naye ametia sungura wa kufugwa, weupe, wanaozaa mara nyingi kwa mwaka na ambao hakuna sheria imzuiayo mtu kuwala. Na sungura wa namna hiyo, kwa hesabu ya kilo kwa shilingi, hushindwa na bunduki gani?

Lakini moyo wa kijana ni moyo wa kijana. Jumamosi iliyopita nilimkuta nyuma ya jiko la mama yake, amepima hatua kumi na tano, ameliweka kopo la Kimbo juu ya kigogo, manati mkononi, na kokoto zimepangwa kwa ukubwa kando ya mguu wake. Katika kumi alilipiga kopo mara tatu. Akanitazama, akaliinamisha ili nione palipobonyea, kisha akaniuliza darubini huuzwa kiasi gani.