Mama zetu na fomu za halmashauri

Machi 2020, wiki ile Uingereza ilipofungwa, mama yangu na wenzake wa kikundi cha akina mama walianza kupika wali wa nazi na maharage kwa ajili ya wazee wa mtaani kwetu. Hakuna aliyewatuma. Walikuwa na masufuria ya harusi, magari mawili na grupu la WhatsApp lililojaa sauti za dakika tano tano (unazijua).

Serikali nayo ilikuwa inapeleka maboksi kwa wagonjwa walioambiwa wasitoke: tambi, supu za mkebe, biskuti. Sawa, lakini mzee wa miaka 80 aliyezaliwa Lamu afanye nini na supu ya mkebe? Akina mama walijua nani ana kisukari na nani hafungui mlango mpaka asikie "hodi". Halmashauri ilikuwa na orodha ya majina tu.

Baadaye afisa mmoja akasikia habari zao, akapiga simu. Furaha kweli! Halafu ikaja barua pepe: leteni katiba ya kikundi, akaunti ya benki yenye waweka sahihi wawili, bima, na mjaze fomu ya kurasa 18. Yote hayo kwa ruzuku ya pauni 500. Mama akanipigia. "Mwanangu, hawa wanatuona wezi?"

Sikuwa na jibu, maana kazi yangu ndiyo hiyo. Nimeajiriwa na halmashauri nyingine, na fomu kama ile nimewahi kuiandika mwenyewe. Najua kwa nini ipo: pesa ni za walipa kodi, na anayeingia nyumbani kwa mgonjwa lazima achunguzwe. Hilo silipingi, na hapa England wanaojitolea hawalipii uchunguzi huo serikalini. Lakini tulipokaa jikoni Jumamosi mbili tukiijaza, niliona kwamba nusu ya maswali yalikuwa ya kutulinda sisi maofisa tu.

Kilichookoa mambo ni yule afisa kuja mwenyewe. Alikunywa chai, akala mahamri, akauliza, "Mnahitaji nini hasa?" Wakamjibu: jiko. Akawapatia jiko la ukumbi wa jamii asubuhi, bure, na shirika kubwa la hisani likakubali kuwashikia pesa na kuwaingiza kwenye bima yake. Jiko lile lilikuwa na faida kuliko zile pauni 500.

Kwa hiyo ukiambiwa "haturuhusiwi kutoa jengo kwa bei ya chini", uliza tena. Tangu 2003 halmashauri za England zina ruhusa ya jumla ya kuuza au kukodisha kwa muda mrefu chini ya bei ya soko kwa manufaa ya jamii, mradi pengo lisizidi pauni milioni 2.

Ila kuna upande mwingine. Mwaka uliofuata waliombwa wapike siku tano kwa wiki, kwa sababu wafanyakazi wa huduma fulani walikuwa wamepunguzwa. Mama ana miaka 67 na mgongo mbovu. Walikataa, na mimi niliwaunga mkono. Kujitolea si kuziba nafasi ya mtu aliyeachishwa kazi.

Siku hizi wanapika Alhamisi tu. Fomu ya ofisini kwetu nimeipigania mpaka ikabaki kurasa nne, na bosi bado ananinunia. Na kama una gari na asubuhi yako ya Alhamisi iko wazi, akina mama wanatafuta dereva.