KUSUGUA MENO NYUMBANI NA KUSAFISHWA MENO NA MUNGANGA

Mtu anayeumwa na jino usiku hufika hospitali asubuhi na mapema. Lakini kuna ugonjwa wa kinywa usiopiga kelele. Hauumi sana. Unaendelea pole pole, mwaka kwa mwaka, na siku moja mtu anaona meno yake yanacheza, ingawa hayana tundu hata moja. Huo ni ugonjwa wa ufizi, yaani ile nyama inayoshika meno.

Unatoka wapi?

Unatoka katika ukoga. Asubuhi, kabla ya kusugua meno, pitisha ulimi juu yake. Utasikia utelezi. Huo ndio ukoga, nao umejaa vijidudu. Mwaka 1683 Antoni van Leeuwenhoek, mtu wa Uholanzi, alichukua ukoga wa meno yake mwenyewe, akautazama kwa kioo cha kukuza, akaona vijidudu vingi vikitembea ndani yake.

Mwaka 1965 waganga wa Denmark waliwaomba watu 12 wenye ufizi mzima waache kusafisha meno. Kabla ya majuma matatu kuisha, wote walikuwa na ufizi uliovimba. Walipoanza tena kusafisha, wakapona kwa muda wa juma moja hivi. Basi, tunajua kwamba ukoga ndio unaoleta ugonjwa, na kwamba mwanzoni mswaki unatosha kuuponya.

Kwa nini basi kwenda kwa munganga?

Fikiri udongo wa matofali. Ukiwa mbichi, unatoka mikononi kwa maji tu. Ukikauka na kuchomwa, maji hayauwezi tena. Ukoga nao ni vile vile. Ukikaa siku nyingi, chumvi iliyo ndani ya mate inaugeuza kuwa mgumu kama jiwe. Sasa unaitwa ugaga. Tazama nyuma ya meno ya mbele ya chini: hapo ndipo unapopenda kukaa, kwa sababu mate hutokea karibu. Rangi yake ni ya manjano, au ya udongo, au nyeusi.

Mswaki hauwezi kuondoa ugaga, hata ukisugua kwa nguvu. Juu yake ukoga mpya unashika upesi. Kisha unashuka chini ya ufizi, mahali mswaki usipofika, na mfupa unaoshika jino unaanza kuliwa. Mfupa huo ukiisha kuliwa, haurudi wenyewe. Munganga wa meno ana vyombo vya kukwangua ugaga, juu ya ufizi na chini yake.

Maneno tunayoyasikia mara nyingi

«Ufizi wangu unatoka damu, kwa hiyo nimeacha kusugua.» Hapana. Damu ni alama ya ukoga. Sugua, lakini kwa upole. Kama juma moja au mawili yakipita na damu haijapungua, njoo uonekane.

«Munganga ameharibu meno yangu, sasa yana nafasi katikati.» Nafasi ilikuwapo, ugaga uliijaza. Tena ufizi uliovimba ukipona, unapungua. Pengine meno yatasikia baridi kwa siku chache, kisha yatatulia.

«Nimesafishwa hospitali, basi nitapumzika na mswaki.» Ukoga unaanza kurudi siku ile ile. Asiyesugua atapata ugaga tena.

Fanyeni hivi

1. Sugueni meno mara mbili kila siku, na usiku kabla ya kulala msikose. Tumieni dawa ya meno yenye floridi, kama inapatikana. Asiye na mswaki wa duka atafune ncha ya kijiti safi mpaka iwe laini, asugue kwacho nje na ndani.

2. Msikwangue ugaga kwa kisu, wala msumari, wala mchanga. Mtaumiza ufizi na jino.

3. Msimpe kazi hiyo mtu wa sokoni. Vyombo visivyochemshwa vizuri kwa mvuke vinaweza kupeleka ugonjwa wa damu kutoka mtu hata mtu.

4. Mwenye ugonjwa wa sukari, mvuta tumbaku, na mama mwenye mimba wasikawie kuonyesha ufizi wao. Kwa mama mwenye mimba kusafishwa meno si hatari.

5. Mwulizeni munganga mrudi lini. Mwenye ufizi mgonjwa pengine ataitwa kila miezi mitatu au minne. Mwenye kinywa safi anaweza kukaa muda mrefu zaidi.

Wengi wenu mnatoka mbali, na safari inakula feza. Basi, ukiletwa hospitali kwa ajili ya homa au kwa kumsindikiza mgonjwa, usirudi nyumbani bila kufungua kinywa na kuomba meno yako yatazamwe.