Mkumbo una masharti yake

Mtu akigeuza kauli kwa sababu wenzake wamesema vingine, tunamwita bendera fuata upepo, na lawama inaishia kwake: hana msimamo. Saikolojia ya jamii huuliza kwanza kuhusu upepo. Wanafunzi wangu hawalipendi jibu lake, kwa sababu kila mmoja anajiona ni mtu wa kusimamia neno lake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Solomon Asch, mzaliwa wa Warsaw aliyekuwa akifundisha Chuo cha Swarthmore, Marekani, aliwaketisha vijana saba hadi tisa mbele ya kadi mbili. Kadi ya kwanza ilikuwa na mstari mmoja, ya pili mitatu. Kazi ilikuwa kutaja, kwa sauti na kwa zamu, ni upi kati ya ile mitatu unaolingana na ule mmoja. Jibu lilikuwa wazi kiasi kwamba mtu akiwa peke yake hakosei hata mara 1 katika 100. Lakini chumbani alikuwamo mtahiniwa mmoja tu. Wengine wote walikuwa wamepangwa na mtafiti, na katika raundi 12 kati ya 18 walitaja mstari ule ule usio sahihi, bila kusita. Yeye aliketi karibu na mwisho, kwa hiyo zamu yake ilifika akiwa ameshawasikia karibu wote.

Picha za jaribio hilo zilichapishwa mwaka 1955 katika jarida la Scientific American. Kijana mmoja ameinama mbele, shingo ameinyoosha, anaikodolea macho kadi kana kwamba imeandikwa kwa herufi ndogo mno. Haoni vibaya. Anatafuta kosa lake lilipo.

Katika raundi hizo 12, takriban asilimia 37 ya majibu yalifuata kosa la wengi. Robo tatu ya vijana waliyumba angalau mara moja; robo hawakuyumba kabisa. Vitabu vingi vya kiada huisimulia habari hii kama ushahidi kwamba binadamu ni kondoo, jambo ambalo sikubaliani nalo. Karibu theluthi mbili ya majibu yalikuwa sahihi, yametamkwa mbele ya watu wote waliosema kinyume. Asch mwenyewe alitaka kujua wanaosimama wanasimamaje kama alivyotaka kujua wanaoyumba wanayumbaje.

Ndipo akaanza kubadilisha mpangilio. Mpinzani akiwa mmoja, mtahiniwa karibu hakutikisika. Wakiwa wawili, makosa yalifika asilimia 13.6. Wakiwa watatu, 31.8. Baada ya hapo kuongeza watu hakukuzidisha mambo sana, kwa hiyo anayedhani umati mkubwa ndio unaotisha amekosea. Kinachobana ni umoja wa kauli. Mtahiniwa akipewa mwenzake mmoja tu anayesema kweli, makosa yanashuka hadi karibu robo ya yalivyokuwa. Hata mwenzake huyo akitaja jibu bovu kuliko la wengi, ilimradi si lile lao, anamfungulia mlango. Akimgeuka katikati ya jaribio na kujiunga na wengi, mtahiniwa naye anarudi kule kule alikokuwa. Na ukimruhusu aandike jibu lake kwenye karatasi badala ya kulitamka, mkumbo unapoteza sehemu kubwa ya nguvu zake.

Mwaka 1955 Morton Deutsch na Harold Gerard walitenganisha sababu mbili. Unafuata wengi kwa kuogopa kuonekana mtu wa ajabu, au kwa kudhani wanajua usichokijua. Ya kwanza inaugusa mdomo tu. Ukitoka nje, unaendelea kuamini ulichokiona. Ya pili inaingia kichwani. Miaka ishirini kabla yao, Muzafer Sherif aliwaonyesha watu nukta ya mwanga ndani ya chumba chenye giza totoro. Mwanga haukusogea, lakini gizani jicho huuona kama unasogea. Kila kundi lilijenga kadirio lake la umbali, na mtu akiletwa baadaye peke yake aliendelea kushika kadirio la kundi. Jambo likiwa na ukungu, kwa mfano dawa ngeni au uvumi wa benki kufilisika, hatuigizi kukubali. Tunakubali kweli.

Mfano mkubwa kuliko maabara yoyote tunao Kenya. Katika uteuzi wa wagombea wa chama tawala cha KANU wa mwaka 1988, wanachama walijipanga foleni nyuma ya wakala aliyeshika picha ya mgombea. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita bila kura ya siri. Mlolongo huo unakumbukwa zaidi kwa wizi, foleni fupi kutangazwa mshindi mchana kweupe. Lakini hata hesabu ingekuwa safi, mpangilio wenyewe ungebaki na kasoro. Chifu anakuona, mwajiri anakuona, jirani anayekudai anakuona. Anayeogopa kufukuzwa kazi hafuati mkumbo, huyo amelazimishwa, na nisingependa kuyachanganya mambo haya. Ninayemfikiria ni yule ambaye hakutishwa na mtu, ila amefika uwanjani akakuta waumini wenzake wote wako upande mmoja. Viongozi wa makanisa walipinga utaratibu huo tangu 1986. Chama kiliuacha mwishoni mwa 1990, baada ya kamati ya George Saitoti, Makamu wa Rais wa wakati huo, kuzunguka nchi ikisikiliza manung'uniko.

Utamaduni una nafasi yake pia. Rod Bond na Peter Smith walikusanya tafiti 133 za aina ya Asch kutoka nchi 17 na kuzichapisha mwaka 1996. Katika jamii zinazotanguliza kundi watu walifuata wengi zaidi, na Marekani kwenyewe mkumbo ulikuwa umepungua tangu miaka ya 1950. Anayetaka kusoma hapo kwamba Waafrika hawana msimamo ajiulize kwanza kupingana kunagharimu nini mahali ambapo jirani ndiye bima yako ya ugonjwa na ya msiba.

Kikao cha kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, kinaonyesha gharama hiyo. Sanduku la kufuli tatu liko katikati, mwenyekiti anasema, "Nadhani hisa ipande, au mnaonaje wenzangu?" Katibu anaunga mkono, mama mkubwa kuliko wote anaunga mkono, na dada aliyekuwa akipiga hesabu za ada ya shule anasema, "Mimi niko pamoja na wenzangu." Mwenyekiti huyo angemaliza na maoni yake badala ya kuanza nayo, au angegawa vikaratasi, angepata jibu jingine. Wazo hilo ni la kale: Mishna, mkusanyo wa sheria za Wayahudi, iliagiza kwamba katika kesi ya kifo waamuzi waanze kusema kutoka pembeni, walikoketi wadogo kwa cheo.

Na yule dada akiamua kupinga? Mwaka 1969 Serge Moscovici, kule Ufaransa, aliwapanga watu wawili ndani ya makundi ya sita waite slaidi za buluu kijani. Waliposhikilia kauli hiyo mwanzo hadi mwisho, walivuta zaidi ya asilimia 8 ya majibu ya wengine. Walipobadilikabadilika, walivuta karibu asilimia 1.